Moto Haufuti Kosa la Shoka

Fundi wa vyombo wa Jibondo akihitaji taruma, yaani ubavu wa mti unaozishika mbao za jahazi kwa ndani, hatafuti mti ulionyooka ili aukunje. Hutafuta mti uliokwisha kupinda wenyewe. Tawi lililoachana na shina kwa pembe inayokaribia ile ya tumbo la chombo, au mzizi uliogeuka ulipokutana na jiwe, ndiyo mali anayoitaka. Akiipata huichonga kwa shoka na tezo, akiufuata mpindo uliomo badala ya kulazimisha mwingine. Jibondo ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, kusini ya kisiwa kikuu cha Mafia. Maji baridi ni ya shida, msitu wa maana hakuna, na miti ya kuundia vyombo huja kwa bahari kutoka kisiwa kikuu au bara. Watu wa mahali kama hapo, ambapo kila kipande cha mti kina gharama yake, ungedhani wangekuwa wa kwanza kuukimbilia moto: nunua mbao zilizonyooka, zipashe, zikunje utakavyo, yaishe. Hawafanyi hivyo. Moto wanaujua na wanautumia, lakini kwa kiasi, na mahali pake. Nitadai kwamba kiasi hicho hakitokani na ushamba wala ukosefu wa vifaa. Ni elimu, na elimu hiyo hiyo inamfaa anayetaka kutengeneza kitu kidogo kuliko jahazi lakini chenye madai makubwa kuliko taruma, nacho ni upinde wa mti.

Wengi wetu wa pwani tunauhesabu upinde kuwa chombo cha watu wa bara, cha mwindaji wa nyikani. Lakini uta umekuwapo pwani miaka yote, mikononi mwa maseremala. Keke, ile ya kutobolea mbao kabla ya kupigilia misumari, huendeshwa kwa uta: kijiti kilichopinda kidogo, kamba imefungwa ncha kwa ncha na kuzungushwa mara moja kwenye msukano, ambao ndio mti unaoshika chuma cha keke. Mkono mmoja unakandamiza jivu, yaani mshiko wa juu, mwingine unasukuma na kuvuta uta kama anayekata kwa msumeno, na chuma kinazunguka huku na huku hadi tundu lipatikane. Uta wa namna hii hauhitaji ufundi mkubwa. Kazi yake ni kuishika kamba ikakaza. Hauhifadhi nguvu wala haurushi kitu. Ukiwa umekwenda upande kidogo, keke haijali. Upinde wa mishale ni habari nyingine kabisa. Huo ni springi ya mti. Unapovutwa, upande unaomtazama mpigaji, tuuite tumbo, unafinywa. Upande unaotazama shabaha, mgongo wake, unavutwa. Na hayo hurudiwa mara mamia kwa mamia bila mti kuvunjika wala kuchoka. Mkono mmoja wa upinde ukiwa umekwenda upande kwa upana wa kidole tu, upote, yaani kamba ya upinde, haupiti tena katikati ya mshiko, upinde hujigeuza mkononi unapovutwa, na mshale huenda pale ambapo hakuna aliyeutuma. Ndiyo maana kila anayechonga upinde, tangu zamani na kila bara, amejikuta siku moja ameukalisha juu ya makaa.

Moto unafanya nini hasa ndani ya mti? Mti umejengwa kwa nyuzi nyembamba za selulosi zinazokwenda kwa urefu wa shina, na nyuzi hizo zimeshikamanishwa na kitu kiitwacho lignini. Lignini ikiwa baridi ni ngumu, ikipata joto hulegea, ikipoa hukaza tena, kama sukari guru. Ikilegea, nyuzi hupata nafasi ya kuteleza kidogo zikipishana. Ukiushikilia mti katika umbo jipya mpaka upoe, lignini inaganda nyuzi zikiwa mahali papya. Hakuna siri zaidi ya hiyo. Lakini kuna jambo linalobadilisha kila kitu, nalo ni maji. Mti wenye unyevu mwingi huanza kulegea kabla joto halijafika nyuzi 100 za Selsiasi, ndiyo maana mvuke wa sufuria unatosha. Mti mkavu unahitaji joto la kupita nyuzi 150, na hapo umekaribia lile la kuubabua: karibu na 200 rangi hugeuka kahawia, na ukiendelea kupanda kuelekea 300 unachotengeneza ni mkaa. Kwa hiyo anayenyoosha kwa moto mkavu anafanya kazi katika kipenyo chembamba, na hana kipimajoto ila macho, pua na vidole vyake.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kukunja mti kwa joto haukutoka kwa wapiga mishale bali kwa mtengeneza viti. Michael Thonet, seremala aliyezaliwa Ujerumani akafanya kazi Austria, mwaka 1859 alitoa kiti kinachojulikana kama namba 14, chenye mgongo na miguu ya fimbo za mti wa biichi zilizofukizwa kwa mvuke na kukunjwa. Viti hivyo viliuzwa kwa mamilioni. Siri yake haikuwa mvuke peke yake. Thonet aligundua kwamba mti wenye joto na maji hukubali kufinywa sana, hata robo ya urefu wake katika miti mingine, lakini kuvutwa haukubali. Ukiunyoosha kwa asilimia moja au mbili tu, nyuzi hukatika. Basi akafunga ukanda wa chuma upande wa nje wa mkunjo, ukiwa umebanwa ncha zote mbili, ili upande huo usipate nafasi ya kurefuka na kazi yote ya kubadilika iangukie upande wa ndani unaofinywa. Mtu akilielewa jambo hili moja ameelewa nusu ya ufundi wote. Mti ni mvumilivu kwa kufinywa na ni mwepesi wa hasira kwa kuvutwa. Kwa upinde maana yake ni kwamba mgongo, ule upande utakaovutwa maisha yake yote, usiguswe na moto ikiwezekana. Moto uelekezwe tumboni. Mgongo uliobabuka, hata kama haujaonyesha ufa, umekwisha kupunguziwa nyuzi zile zile zinazouzuia upinde usikatike usoni mwa mwenyewe.

Kazi yenyewe, tuitazame kwa karibu, kwa mali iliyopo Mafia. Kisiwa hiki ni cha minazi, na vifuu vya nazi hutoa makaa mazuri: huwaka kwa ukali mwanzoni, kisha hutulia yakawa mekundu bila moshi na bila mwali. Mwali haufai, maana hubabua ngozi ya mti kabla joto halijaingia ndani. Upinde uwe umekwisha kukauka kivulini na kuchongwa karibu na umbo lake la mwisho, kwa kuwa mti mnene haupati joto upesi hadi kiini. Mahali pa kunyoosha papakwe mafuta ya nazi. Mafuta husambaza joto na kuzuia uso wa mti usikauke ghafla ukapasuka. Kisha tumbo la upinde likabili makaa, shubiri moja juu yake, likisogezwa huku na huku polepole. Kipimo cha kuaminika hakiko upande wa moto bali upande wa pili. Weka kidole mgongoni. Kitakaposhindwa kustahimili, joto limepenya. Hapo upinde utiwe kwenye kalibu ya gogo au ubao mnene, ufungwe kwa kamba na kukazwa kwa kabari, na upelekwe kidogo kupita unyoofu unaotakiwa, maana ukifunguliwa utarudi nyuma kiasi. Kuvuta kuwe kwa taratibu. Mti unatoa sauti kabla haujavunjika, na anayesikia mlio mdogo kama wa kucha ikikwaruza asimame hapo hapo. Kisha aache. Haraka ya kumwagia maji ili upoe ndiyo inayoharibu mapinde mengi, kwani nje hukaza huku ndani kukiwa bado kumelegea. Upoe wenyewe, saa kadhaa, na baadaye ukae siku kadhaa bila kuvutwa, kwa sababu moto umeufukuza unyevu uliomo na mti mkavu kupita kiasi hukatika kama kijiti cha kiberiti. Penye mkunjo mkubwa zaidi hutumika mvuke, na kanuni ya maseremala ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Mkono wa upinde wenye sentimita moja na nusu unataka zaidi ya nusu saa kidogo.

Yote hayo yanafanya kazi, na asiyeamini anaweza kuyajaribu kwa fimbo. Kasoro zake ndizo zinazonirudisha kwa fundi wa Jibondo. Moto unaweza kuhamisha nyuzi, hauwezi kuziunga zilizokatwa. Mti una nguvu kwa urefu wa nyuzi zake. Kwa upana, nguvu ya kuhimili kuvutwa ni ndogo mara kumi na zaidi. Ukichonga taruma yenye mpindo kutoka katika ubao ulionyooka, utakuwa umekata nyuzi mshazari kila unapogeuka, na wimbi la kwanza zito litakuonyesha mahali zilipokatwa. Taruma iliyochongwa kutoka katika tawi lililopinda ina nyuzi zinazogeuka pamoja na mpindo kutoka ncha hadi ncha. Kwa upinde ni vivyo hivyo, ila hapa kosa huonekana mapema zaidi. Anayekata fimbo yenye nyuzi zilizosokotwa, akalazimisha kwa panga ipate uso ulionyooka, amekata nyuzi za mgongo. Kwa macho upinde wake umenyooka. Kwa nyuzi, bado umesokotwa. Akiutia moto atanyoosha kile ambacho tayari kinaonekana kimenyooka na hatagusa tatizo lenyewe. Kifundo ni hivyo pia: nyuzi hulizunguka jicho la mti kama maji yanavyozunguka mwamba, na kukunja hapo kwa joto ni kuzitenganisha nyuzi zilizokuwa zimeshikana kwa shida. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kunyoosha upinde haihusu moto hata kidogo. Inahusu kusimama msituni na kulizunguka shina mara mbili kabla ya kuinua shoka.

Waundaji wa majahazi wa pwani hii wameugawa mti katika makundi mawili, na mgawanyo wao una akili nyingi. Mkuku na mataruma, vitu vinene vinavyobeba chombo, hupatikana kwa kuchagua. Mbao za ubavuni, ambazo ni nyembamba na ndefu, hukunjwa: kwa kamba, vibano na mikono ya watu, na panapokuwa na mpindo mkali karibu na fashini hulowekwa na kupashwa moto. Sababu ya mgawanyo huo iko wazi kwa aliyefuatana nami hadi hapa. Ubao mwembamba hupata joto upesi hadi ndani, na ukishapigiliwa misumari kwenye mataruma hauna ruhusa ya kurudi ulikotoka. Taruma nene ingetaka saa nyingi za mvuke, na isingekuwa na kitu cha kuishikilia. Yenyewe ndiyo mshikiliaji. Sasa jiulize upinde uko kundi gani. Ni mwembamba, kweli, kama ubao. Lakini haupigiliwi popote. Hakuna msumari, hakuna taruma ya kuukumbusha umbo jipya. Kila unapovutwa, nguvu zilezile zilizoupinda zinarudi kuuliza kama bado umekubali. Kwa hiyo upinde unachukua ubaya wa pande zote mbili, na kwa maoni yangu unastahili kutendewa kama taruma: uchaguliwe, ndipo usahihishwe.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Wahadzabe je? Watu wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni mabingwa wa upinde wasio na mpinzani nchini, na wao hutumia moto waziwazi. James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1970 kitabu kizima juu ya vifaa vyao, na Frank Marlowe, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2010, anaeleza mapinde yenye mvuto wa wastani wa takriban kilo 30, uzito ambao wanaume wengi wa mjini wangeshindwa kuuvuta hadi shavuni. Mti huchongwa, hupashwa moto na kukunjwa kidogo kidogo kwa msaada wa uma wa mti; mishale hupashwa na kunyooshwa kwa meno, jicho moja likiwa limefumbwa kuutazama mstari wake. Ushahidi huu hauniangushi, unanisaidia. Mhadzabe anautumia moto mwishoni, kwa marekebisho, baada ya kuchagua mti uliokwisha kunyooka kiasi. Tena anautumia katika nchi kavu. Kando ya Eyasi mvua ya mwaka haipiti milimita 600 au hapo karibu. Mafia hupata karibu milimita 1,900, na hewa yake, ikizungukwa na bahari pande zote, hubeba unyevu wa asilimia 75 hadi 80 karibu mwaka mzima.

Tofauti hiyo si ya watabiri wa hali ya hewa tu. Mti hunywa na kutoa maji mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Katika hewa yenye unyevu wa nusu hivi, mti uliokauka hubaki na maji ya asilimia 9 ya uzito wake, na hicho ndicho kiwango ambacho watengeneza mapinde hukipenda, kati ya 8 na 10. Katika hewa ya Mafia mti huohuo utapanda hadi 14, 15, hata 16, hata ukiutundika darini. Kila asilimia moja ya maji inayoongezeka hupunguza uwezo wa mti kuhimili mfinyo kwa takriban asilimia 5 au 6, na ugumu wake wa kupindika kwa karibu asilimia 2. Piga hesabu: upinde uliotengenezwa mahali pakavu ukahamishiwa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, unaweza kupoteza zaidi ya robo ya uwezo wa tumbo lake kustahimili kufinywa, bila mtu kuugusa. Na maji yanapoingia, lignini iliyoganda katika umbo jipya hupata tena nafasi ndogo ya kusogea. Mkunjo uliosahihishwa kwa moto huanza kurudi. Haurudi wote, wala haurudi siku moja, lakini mvua za masika zinapokwisha upinde ulionyooka kama uzi mwezi wa Februari unaweza kuwa umeanza kutazama pembeni. Fundi wa Mafia anayetegemea moto anajenga juu ya kitu ambacho hewa ya nyumbani kwake inakibomoa usiku na mchana.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wale wanaojua kwamba moto mkali, ukitumiwa vizuri, huufanya mti usipende maji. Ni kweli. Watafiti wa Finland katika miaka ya 1990 waliikuza mbinu ya kuoka mbao bila hewa ya kutosha, kwa nyuzi joto za kutoka 180 hadi kupita 200, na mbao hizo hunywa maji kidogo sana kuliko mbao za kawaida. Leo zinatandikwa kwenye sakafu za nje na kuta za nyumba nchi nyingi za baridi. Watengeneza mapinde nao wamegundua kwamba tumbo lililookwa hadi likawa na rangi ya chai ya rangi hukaza na hushika umbo vizuri zaidi. Naikubali hoja hii, ila isivutwe kupita urefu wake. Mbao zilizookwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuhimili kupindika, na huvunjika ghafla bila kuonya. Watengenezaji wenyewe huonya zisitumike kubeba mzigo. Sakafu haivutwi mara mia kwa siku. Upinde unaweza kuokwa tumboni peke yake, kwa kina kidogo, na hapo faida ipo. Lakini tumbo lililokaza sana juu ya mgongo uliobaki laini huuongezea mgongo kazi, na mgongo wenye nyuzi zilizokatwa na panga hautaiweza. Kwa hiyo hata njia hii ya kuushinda unyevu inamrudisha fundi kwenye swali lilelile: nyuzi za mgongo ni nzima au si nzima?

Wapo pia watakaonikumbusha samaki mkunje angali mbichi. Kwa nini kusubiri mti ukauke, ukutane na makaa na hatari zake, wakati mti mbichi hukunjika kwa mkono mtupu? Methali hiyo ina haki kwa samaki, na nadhani kwa watoto, lakini kwa mti ina nusu ya haki. Mti mbichi hukunjika kwa sababu umejaa maji, na unapokauka hunywea, tena haunywei sawasawa: upande mmoja wa pete hupungua kuliko mwingine, na fimbo iliyofungwa kwenye boriti ikiwa imenyooka hutoka imejipinda upande ambao hakuna aliyeutarajia. Kufunga mti mbichi wakati wa kukausha ni jambo jema, hupunguza kasoro. Kuuweka mti mbichi juu ya makaa ni kosa. Maji ya juu hukimbia, ya ndani yanabaki, na uso hupasuka nyufa ndogo ndogo ambazo baadaye zitakuwa njia ya upinde kuvunjikia.

Sasa nije kwenye hoja inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu haihusu ufundi bali msitu. Ukisema chagua mti wenye umbo, unasema tembea msituni ukikata. Mafia haina anasa hiyo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995 na imezizunguka Chole, Juani na Jibondo pamoja na mikoko yake. Ukataji wa mikoko popote Tanzania unahitaji kibali. Mlilana, ambao matawi yake yaliyopinda yamependwa kwa mataruma, na mkomafi wenye mbao zinazosifiwa na waunda vyombo, yote ni miti ya mikoko. Je, moto hauwi rafiki wa msitu, kwa kutuwezesha kutumia kila fimbo iliyopinda badala ya kutupa kumi ili tupate moja? Kwa jahazi, hoja hii ina uzito na ninakubali kwamba siku zijazo vipande vyembamba vilivyokunjwa kwa mvuke na kugandishwa pamoja kwa gundi vinaweza kuchukua nafasi ya mataruma mengi. Kwa upinde, hesabu ni tofauti. Upinde mmoja unataka fimbo isiyozidi unene wa kifundo cha mkono, na miti ya jamii ya mkole, inayosifika kwa mapinde katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huchipua tena inapokatwa kwa chini. Kinachopoteza msitu si kuchagua. Ni kukata kwanza na kuchagua baadaye: kubeba fimbo saba nyumbani kwa matumaini kwamba moto utarekebisha zote, kisha kuvunja tano. Anayeizunguka fimbo ikiwa bado imesimama, akaona magamba ya ganda lake yanavyopanda, kama ni wima au ni mzunguko, anaweza kuiacha ikaishi. Ganda lililosokotwa lina nyuzi zilizosokotwa chini yake. Ni dalili ya bure.

Kwa hiyo, kama ningemshauri kijana wa Mafia, wa Baleni au Kirongwe, anayetaka upinde wa kweli, ningemwambia aumbe kwa ajili ya hewa yake. Aufanye mrefu, karibu na kimo chake mwenyewe au zaidi, na mpana kidogo mikononi, ili kila sentimita ya mti ifinywe kidogo. Upinde mrefu husamehe unyevu ambao mfupi hausamehe. Asitamani zile ncha zilizorudishwa nyuma kwa mbwembwe. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi huko California, alizikunja ncha za upinde wake juu ya jiwe la moto, na Saxton Pope, daktari aliyejifunza kwake, aliyaandika hayo mwaka 1918; lakini Ishi alifanya hivyo katika nchi yenye kiangazi kikavu na aliufunika mgongo kwa kano za wanyama. Masika ya Mafia yangezilegeza ncha na kano pamoja. Kazi ya moto aifanye miezi ya kusi, kati ya Juni na Oktoba, hewa inapokuwa na nafuu, na asahihishe mambo mawili tu: mkono uliokwenda upande na msokoto mdogo. Akimaliza aupake mafuta au nta pande zote, ncha zikiwemo, kwa sababu maji huingia upesi zaidi kupitia ncha kuliko ubavuni.

Kipimo ni chepesi. Avike upote, aushike upinde kwa mbali tumbo likimtazama, na aone kamba inapita wapi. Ikipita katikati ya mshiko au ndani ya upana wake, inatosha. Unyoofu wa rula hauhitajiki, na wapo wanaouharibu upinde mzuri kwa kuutafuta. Arudie kupima mwezi wa Juni, baada ya mvua. Kama kamba imehama kidogo, anaweza kuupasha mara ya pili palepale, kwa joto dogo kuliko la kwanza. Kama imehama tena mwaka unaofuata, mti umekwisha kusema asili yake, na pasi ya tatu ya moto itababua nyuzi zilizobaki bila kubadilisha chochote. Hapo auchonge ubavu mmoja wa mshiko, kina cha kupitisha randa mara chache, ili mshale ulalie pale kamba inapotaka kupita.